Nyumba Iliyogeuzwa

6 Julai

Wifi yangu mpenzi,

Usishtuke kuuona mwandiko wangu. Anwani ya ofisi yako mpya nimepewa na yule seremala uliyekuwa ukimwagiza madirisha, na ameniapisha nisimpe mtu mwingine. Simu umebadilisha, najua, na hata ningekuwa na namba nisingepiga. Simu yangu inashinda juu ya meza ya ofisi ya kaka ninakomchapia barua, naye ana mazoea ya kuichungulia huku akijifanya anatafuta kalamu. Kwa hiyo nimeamua kuandika.

Pole. Mwaka unaelekea kuisha tangu kaka akutoe nyumbani kwake, na neno hilo halijawahi kutoka kwa mtu yeyote wa upande wetu. Nilikuwepo aliposema, "Ramani hizi zimechorwa chini ya paa langu, kwa taa yangu, kwa karatasi yangu. Ni zangu." Ulitoka na begi la nguo, yeye akabaki na bomba la ramani kwapani kama askari na bunduki yake.

Sasa ameijenga. Nyumba yako ya ndoto imesimama kando ya barabara kuu, ghorofa moja, na mbele yake kuna kibao kirefu kuliko geti: NYUMBA INAYOPUMUA. HAINA HITA, HAINA KIYOYOZI. Chini kuna jina lake na la kampuni yake ya ujenzi. Lako halipo hata kwa herufi za mchwa. Hii ni ya mfano, anasema, akishapata wateja atajenga mtaa mzima. Tumehamia mwezi uliopita.

Mbona tunaganda, wifi? Ulikuwa ukituambia nyumba hii itajipasha joto yenyewe wakati wa baridi. Naamka vidole vimekufa. Sebule ina kioo kutoka sakafuni hadi darini, na baridi inapita kama inapita kwenye chandarua. Kaka anakunywa chai amevaa koti la mvua. Nikimuuliza anasema, "Kuta bado hazijazoea." Kuta huwa zinazoea nini?

Wifi yako


14 Julai

Wifi,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Pole yako nimeipokea.

"Nyumba inayopumua" ni maneno yangu. Niliyasema nikimenya viazi, yeye akikata kucha. Sikujua kama alikuwa anasikiliza.

Kabla sijakujibu kuhusu baridi, nifanyie jambo moja. Kesho jioni kaa sebuleni, elekea kile kioo, uniambie jua linazama upande gani. Kisha toka nje utazame juu. Je, paa limetokeza mbele ya kioo kama ukingo wa kofia? Na juu ya kuta, karibu na dari, kuna matundu ya hewa?

Mama yuko wapi siku hizi? Bado anakaa kwenye nyumba yake ya zamani? Sikumuaga, na jambo hilo linanisumbua.

Mimi nipo. Nimepanga chumba juu ya duka la vipuri, nachora vyoo vya shule na mabanda ya kuku. Kila nikifumbua macho asubuhi, kitu cha kwanza kinachonijia ni bomba lile kwapani mwake. Hicho ndicho kinachonitoa kitandani.

Wifi yako, Msanifu


22 Julai

Wifi,

Jua linazama usoni pangu. Nilikaa ulivyosema, likanichoma macho mpaka nikapiga chafya.

Ukingo wa paa haupo. Mafundi walikuwa wameanza kuujenga akawaambia waukate, eti unaficha kioo. Matundu yapo lakini ameyaziba kwa saruji, eti yanaifanya nyumba ionekane kama ghala la mahindi. Ule ukuta mnene wa mawe uko upande wa kusini, penye stoo na vyoo, na hauoni jua kutwa.

Nilimuuliza kwa nini. Akasema kwenye ramani kioo kilikuwa kinatazama uani kwa jirani, kwenye kamba za nguo, na nani atasimamisha gari kutazama nguo za jirani? Basi akaigeuza karatasi mpaka kioo kikaelekea barabarani. "Nyumba ni ile ile," alisema. "Nimeigeuza tu."

Mama ni mzima. Anakusalimu.

Wifi yako


1 Agosti

Wifi wee,

Nimecheka mpaka mwenye duka la vipuri amepanda ngazi kuniuliza kama nimefiwa.

Nikueleze. Kioo kile nilikichora kitazame kaskazini. Miezi hii ya baridi jua linapita chini upande huo, kwa hiyo lingeingia chini ya ukingo wa paa na kulala sakafuni kutwa kama paka. Sakafu ya zege ingelinyonya joto na kulitoa pole pole jioni. Miezi ya joto jua linapanda utosini, na ukingo ungelizuia lisikiguse kioo kabisa. Ukuta mnene, usio na dirisha, nilitaka usimame magharibi ili upokee makali ya alasiri kwa niaba yenu. Na upepo wa kusini ungeingia kwa madirisha ya chini na kuisukuma hewa ya moto itokee kwenye matundu ya juu. Ndivyo nyumba inavyopumua.

Sasa tazama alichofanya bwana yule. Jua la alasiri amelifungulia kioo kitupu. Upepo ameuwekea ukuta wa mawe. Na pua ameziba kwa saruji.

Baridi hii ni utani, mtavaa masweta. Ngojeni Oktoba. Jua likianza kushuka litaingia hadi ukuta wa nyuma, na joto lake halitakuwa na pa kutokea. Mtaiva.

Dawa ipo. Si kubwa, na seremala ninayemjua anaiweza. Sitaitaja, na wewe usiniulize. Alitaka ziwe zake, acha ziwe zake mpaka mwisho. Nataka akae katikati ya sebule ile, na mashati yake yamshike mgongoni, na asijue kwa nini. Hilo la kutojua ndilo tamu kuliko yote.

Ila wewe usiungue bure. Hamia chumba cha chini kilichoshikana na ukuta wa mawe, na alasiri tafuta kazi ya kukuweka ofisini.

Wifi yako, Msanifu


19 Septemba

Wifi,

Imeanza. Mishumaa iliyokuwa kwenye rafu ya sebule imeinama yote upande mmoja, kama watu wanaosikiliza mlangoni. Kochi la ngozi ukilikalia jioni unabanduka nalo. Kaka amenunua mapazia, akayatoa kwa sababu yanaziba kioo, akayarudisha, sasa anayafungua magari yakipita na kuyafunga yakiisha kupita.

Lakini sikia hili. Juzi alileta mafundi asubuhi, geti likafungwa, wakafunga viyoyozi, chini na juu. Kila kimoja kimefichwa nyuma ya kabati la mbao lenye mianya. Mashine za nje ziko nyuma ya vyoo, zimejengewa kibanda, na mlinzi ameagizwa akiulizwa aseme ni banda la sungura. Jana mlinzi ameniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, tangu lini sungura wakaunguruma?"

Na kibao bado kiko pale pale. HAINA KIYOYOZI.

Katikati ya Oktoba atafanya siku ya wageni. Wateja watakuja kuiona nyumba, na wakiipenda watasaini. Kadi naandika mimi. Anataka waje saa tatu asubuhi.

Unasemaje?

Wifi yako


27 Septemba

Wifi,

Saa tatu asubuhi hata tanuri huwa baridi.

Mshawishi iwe saa tisa alasiri. Mwambie wenye kazi zao hawawezi kutoka asubuhi, na kwamba jua la jioni linapendeza kwenye picha. Hilo la picha litamwingia.

Wageni wakishajaa na yeye akishashika kipaza sauti, nenda nyuma ukawazimie sungura umeme. Basi. Usifanye lingine lolote. Sitaki aumie, nataka atokwe na jasho mbele ya watu huku akisema maneno yangu.

Lakini nijibu kwanza swali hili, na unijibu kweli. Humo ndani mnakaa nani na nani? Kama kuna mtoto, au mgonjwa, au mtu mzima asiyestahimili joto, tuache kabisa. Nitatafuta njia nyingine, sina haraka.

Wifi yako, Msanifu


4 Oktoba

Wifi,

Kaka amekubali saa tisa. La picha ndilo lililomshinda, kama ulivyosema.

Humu ndani tuko kaka, mimi na mlinzi. Hakuna mwingine.

Wifi yako


18 Oktoba

Wifi,

Mama yuko hospitali. Anaongea, ametambua kila mtu, daktari anasema atatoka. Nimeanza na hilo ili usome mengine.

Wageni walijaa mpaka wengine wakakaa kwenye ngazi. Kaka alivaa suti nyeusi. Jua lilipoanza kushuka nikaenda nyuma, nikazima. Mwanzo ilikuwa kama tulivyotaka, wifi, tena zaidi. Mama mmoja akaanza kujipepea kwa kadi ya mwaliko, wa pili akafuata, ukumbi mzima ukawa unapepea. Kaka anatiririka jasho, anasema, "Mnaisikia inavyopumua?" Mzee mmoja mwenye tai akajibu, "Naisikia, inanipumulia mimi." Watu wakaangua kicheko. Kijana mwenye kamera akaegemea kabati la mbao, likafunguka, kiyoyozi hicho hapo, cheupe pe.

"Na hiki nini?"

"Hicho... cha dharura."

"Dharura gani?"

"Dharura ya kukaa humu ndani," akasema yule mzee.

Nilikuwa nimesimama chini ya ngazi, nimeuma leso nisicheke. Ndipo tukasikia kishindo juu.

Mama anakaa na sisi. Tangu tulipohamia. Kaka alimpa chumba cha mbele, cha ghorofani, chenye kioo kikubwa kuliko vyote, kwa sababu ndicho kizuri na alitaka mama yake apate kizuri. Siku ile alimwambia avae gauni lake la hariri akae dirishani, watu wa barabarani wamwone. Na swichi niliyozima mimi ilikuwa ya viyoyozi vya nyumba nzima.

Tulimkuta sakafuni, ngozi imekauka, inawaka kama pasi. Kichwa kilipiga ukingo wa kitanda. Wageni walimwona akishushwa ngazi. Hakuna aliyesaini kitu.

Niambie lolote unalotaka kuniambia.

Wifi yako


22 Oktoba

Nilikuuliza. Nilikuuliza waziwazi, ukanijibu kwa mkono wako, hakuna mwingine.

Nilipovunjika mkono mwaka ule, mama yule ndiye aliyekuwa akiniosha nywele kila Jumapili mpaka bandeji ilipotolewa. Mwanawe alikuwa anaona kinyaa. Na leo umenifanya nimpike kwa ramani yangu mwenyewe. Nimemtafutia mwanawe adhabu miezi yote hii, kumbe nilikuwa naupalia moto ulio chini ya kitanda cha Mama.

Kwa nini ulinificha? Usiniandikie pole, naitaka sababu.


27 Oktoba

Mwanangu,

Samahani kwa mwandiko, bado naandikia kitandani. Natumaini hujambo. Mimi sijambo, nimeshonwa juu ya sikio, nywele zitafunika.

Usimgombeze mwenzako. Mimi ndiye niliyemkataza kukwambia. Barua zako zote nilisomewa. Ile ya mwezi wa nane, ya pua kuzibwa kwa saruji, nilimwambia airudie, na tulicheka sote wawili mpaka kaka yake akagonga dari kutoka chini.

Nikwambie kwa nini. Nilijua ukisikia niko humu utanionea huruma, na ukinionea huruma utakuja kunitengenezea, na ukinitengenezea mimi umemtengenezea na yeye. Sikutaka atengenezewe. Huyu nimemzaa mwenyewe. Tangu utotoni akivunja kitu, yupo mtu wa kuokota vipande. Kwanza mimi, halafu dada yake, halafu wewe. Hajawahi hata mara moja kuachwa akae na alichokifanya. Nikasema safari hii akae, hata kama na mimi nimo ndani. Joto nilidhani naliweza. Hapo nilijidanganya.

Siku ile alipokutoa hukutendewa haki, na mimi mgeni wenu nilikuwa chumbani nikikunja nguo zilizokwisha kukunjwa. Tuliache hilo, halina dawa.

Anataka kunihamishia chumba cha nyuma, karibu na jiko. Nimekataa. Sikupandishwa juu nionekane kisha nishushwe nifichwe. Nitarudi chumba kile kile.

Mama


30 Oktoba

Kwako Msanifu,

Nimegundua njama zenu. Dada yangu amekiri kila kitu mbele yangu na bila aibu. Mnapaswa kujua kwamba mama yangu angeweza kufa.

Wateja wote wameondoa majina yao. Picha ya kabati lile inazunguka kwenye simu za mji mzima. Sasa naelewa ulichofanya: ulichora mtego, ukauacha makusudi niukute. Nyumba inaganda Julai na kuwaka Oktoba. Hakuna mtu mwenye akili anayechora nyumba ya namna hiyo.

Kwa hiyo nakutaka uje mara moja urekebishe kasoro za ramani yako, kabla sijachukua hatua nyingine.

Mkurugenzi


4 Novemba

Mkurugenzi,

"Ramani yako." Umeandika mwenyewe, kwa wino, na umetia sahihi. Nimekata kipande hicho nikakibandika ukutani juu ya meza yangu. Kumbe ikisifiwa ni yako, ikiunguza ni yangu.

Nilichora nyumba inayotazama kaskazini. Nilichora ukingo wa paa, ukaukata. Nilichora matundu, ukayaziba. Mshale wa kaskazini upo kwenye kila karatasi, pembeni juu, mwekundu. Uliuona ukadhani ni pambo.

Nitakuja. Nitakuja kwa ajili ya chumba kimoja tu, cha Mama. Nakuja na seremala wangu na fundi wangu wa kuta, na sitaki kukuona. Tukiwa kazini utakaa nje ya geti, chini ya kibao chako. Ukiingia, tunafunga vifaa tunaondoka, na utamweleza mama yako kwa nini.

Chumba chako, sebule yako na sehemu nyingine zote za nyumba yako sitazigusa.

Msanifu


24 Novemba

Wifi yangu,

Tangu mwondoke natamani kukuandikia, lakini nyumba haiishi vituko.

Kwanza chumba. Unajua ulichokifanya, lakini hujui kinavyokaa. Zile mbao ulizozifunga nje, mbele ya kioo, zinalizuia jua kabla halijafika. Nilikuwa sielewi kwa nini umetukatalia mapazia ya ndani, sasa naelewa: pazia la ndani linalikamata jua likiwa limekwisha kuingia. Kioo ulichokipunguza nusu kwa tofali hakuna anayekikumbuka. Yale matundu ya juu ukiweka kiganja unasikia hewa inavyotoka, kama mtu anapuliza chai. Na pale paa la juu yake lilipopakwa chokaa pamekuwa kiraka cheupe katikati ya bati jekundu. Magari yanapunguza mwendo kutazama. Kaka anasema nyumba yake imefungwa plasta.

Viyoyozi vimekufa. Umeme wa nyumba haukuweza kuvibeba vyote kutwa nzima, vikaunguza waya, na fundi hajarudi. Kwa hiyo alasiri kuna chumba kimoja tu cha kukaa binadamu. Nilianza mimi kupanda na kazi zangu za kuchapa. Akafuata mlinzi, eti anakuja kumsalimu Mama, akakaa mpaka magharibi. Mama ametandika jamvi, ametenga pembe ya kila mtu, na ufunguo anao yeye.

Kaka alivumilia siku kadhaa. Alikuwa anakaa chini na miguu ndani ya beseni la maji, akipiga simu kwa sauti ya kuonyesha kwamba yuko sawa. Jumanne akapanda, akagonga.

"Nani?" Mama anajua vizuri ni nani.

"Mimi, Mama."

"Unataka nini?"

"Nimekuja kukaa na wewe kidogo."

"Chumba hiki kimetengenezwa na nani?"

Mlinzi akatazama soksi zake.

"Mama, fungua basi, watu wanasikia."

"Ndiyo maana nauliza. Kimetengenezwa na nani? Na ramani ya nyumba hii ilichorwa na nani?"

Akashuka. Tulimsikia ngazi kwa ngazi. Akarudi jioni shati limelowa, akasema mlangoni, "Ni yake. Yote ni yake. Mimi niliigeuza." Mama akaniambia, "Andika hivyo hivyo." Akamwambia yeye, "Waliokuja kuiona nyumba wote wapelekewe maneno haya, na jina lako chini." Nilichapa pale pale, juu ya jamvi. Alitia sahihi akiwa amesimama nje ya kizingiti, ndipo akafunguliwa.

Sasa anakaa pembe ya mlangoni. Hatuongei naye sana.

Wifi yako


1 Desemba

Wifi,

Nimeisoma barua yako mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Pale pa kizingiti napajua kwa moyo.

Yule mzee mwenye tai alinijia ofisini juzi. Alipanda ngazi za duka la vipuri akihema, akakaa, akaniuliza, "Wewe ndiye mwenye nyumba isiyogeuzwa?" Anataka nimchoree yake. Ameleta na wenzake wawili waliokuwepo siku ile. Tutaanza mvua zikikatika. Nimewaambia kwanza tutaenda kusimama kwenye viwanja vyao asubuhi na jioni, tuone jua linapita wapi, kabla sijashika hata penseli. Wamekubali bila kubisha.

Nilidhani siku nikisikia amesema kweli nitakuwa mwepesi. Sikwambii uongo: nimefurahi, na bado nina hasira. Vyote viwili vinakaa chumba kimoja, hakuna anayemtoa mwenzake. Nilipokuwa kwenye paa lenu napaka chokaa nilimwona pale chini ya kibao, kakinga macho kwa mkono, ananitazama. Nilipaka pole pole. Nilipaka tena pale palipokuwa pamekwisha kupakwa, ili asimame zaidi.

Mama apewe maji mengi. Mbao zifunguliwe asubuhi, zifungwe kabla ya saa saba.

Wifi yako, Msanifu


7 Desemba

Mwanangu,

Natumaini hujambo, na kazi yako inaendelea. Sisi hatujambo.

Nakuandikia huku mwanangu wa kiume amekaa hapa mbele yangu. Ameniomba nikuandikie, na mimi ni mama yake, nimeshindwa kumkatalia. Anasema amekosa. Anasema joto la mwezi huu limepita lile la Oktoba, na chini hakukaliki. Anasema amekwisha sema ukweli na amekwisha uandika, na watu wote wameupata, hivyo hakuna tena unachomdai. Anaomba uje umtengenezee sebule na chumba chake kama ulivyonitengenezea mimi, na madirisha yale yapate kivuli, na matundu yafunguliwe. Anasema yatakuwa yamekwisha, mtabaki watu wa kusalimiana.

Nakuomba umfikirie.

Mama

Ametoka, ameenda kunywa maji, naandika haraka. Usikubali. Aliposema amekosa alikuwa anatazama dari, na mkononi ana futi ya kupimia. Amekwisha pima mbao za dirisha nikiwa nimelala, nimekuta alama za penseli. Ana mteja mpya mji wa pili, amesikika akimwahidi "nyumba yenye kivuli chake yenyewe". Mwanangu huyu siku akinitazama machoni nitakuandikia mwenyewe uje, na utaujua mwandiko wa siku hiyo.

Anapanda ngazi.


13 Desemba

Mkurugenzi,

Barua ya Mama nimeipata, nimeisoma mpaka mstari wa mwisho.

Jibu ni hapana. Sebule sitaitengeneza, na chumba chako sitakitengeneza. Kuhusu huyo mteja wako wa mji wa pili, anwani yake nimeitafuta nikaipata, na nimekwisha mwandikia. Nimemtumia nakala ya maneno uliyotia sahihi kizingitini, pamoja na picha ya paa lako, na nimemwalika aje kwako mwezi ujao, saa kumi alasiri, akae sebuleni mpaka jua lizame. Nimemwambia avae nguo nyepesi.

Mkaribishe vizuri.

Msanifu